Uko chini ya nani? Kwa barabara kutoka Mbezi hadi Tunduma

Baba mdogo alikuwa mpima ardhi wa serikali mpaka alipostaafu, na hadi leo hapiti kijijini bila kuuliza mpaka wake unaishia wapi. Binti yake ameolewa Tunduma na sasa amejifungua mtoto wa kwanza. Mzee hataki kusikia habari ya basi. Anasema basi humpitisha mtu nchini kama gunia. Tumechukua pikapu yake, mimi dereva, yeye kiti cha mbele na daftari mapajani. Njia ni ile ile ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, ambayo kila dereva wa malori anaijua kwa mashimo na mizani zake. Sisi tulikuwa na swali moja tu la kuuliza kila tuliposhuka: hapa mko chini ya nani?

Jumatatu: Mbezi, Kiluvya, Chalinze, Morogoro

Tumetoka alfajiri, mabasi ya mikoani yakimiminika kutoka Stendi ya Magufuli. Kwenye foleni akaja kijana wa maji ya chupa. Mzee akamuuliza, "Kijana, hapa ni Jiji la Dar es Salaam?" Kijana akacheka: "Kwani mzee umetoka wapi? Dar hii!"

Mkoa ndiyo. Jiji hapana. Mbezi iko Manispaa ya Ubungo. Mpaka Februari 2021 kulikuwa na Halmashauri ya Jiji iliyokaa juu ya manispaa zote. Rais Magufuli akaivunja, na hadhi ya jiji ikakabidhiwa iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Tangu hapo Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zimo ndani ya Mkoa wa Dar es Salaam lakini nje ya Jiji la Dar es Salaam. Mkazi wa Masaki anayejitambulisha ugenini kama mtu wa jiji hakuna atakayemkosoa, ila leseni yake ya biashara inatoka Manispaa ya Kinondoni. Na Dar imezoea kuvunjwavunjwa. Kuanzia mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa nchi nzima, jiji likiwamo. Mwaka 1996 madiwani wakaondolewa tena na Tume ikaendesha mambo hadi 2000.

Kiluvya ndipo Dar inapokoma na Pwani inapoanza. Kuna Kiluvya ya Ubungo na Kiluvya ya Kisarawe, na macho hayaoni tofauti: fremu za maduka zinafuatana, bodaboda ni wale wale. Tofauti iko kwenye karatasi. Upande wa Ubungo, chini ya kata kuna mtaa, kwa kuwa hiyo ni mamlaka ya mji. Upande wa Kisarawe, ambayo ni halmashauri ya wilaya, chini ya kata kuna kijiji, na chini ya kijiji kuna kitongoji. Mama mmoja wa genge alituambia, huku akimenya mananasi, "Mimi nalala Pwani, nauza Dar. Nikitaka barua ya benki naenda kule, nikidaiwa ushuru nadaiwa huku." Pembeni alikuwapo fundi wa simu mzaliwa wa Unguja, akaingilia: kwao hakuna mtaa wala kijiji kwa maana hii, kuna shehia, na sheha hapigiwi kura, anateuliwa. Mzee akaandika hilo pia, ingawa hatukuwa na safari ya bahari.

Kibaha na Mlandizi tumezipita bila kusimama. Chalinze tumekunywa chai. Njia panda hii ya Tanga, Moshi na Arusha ina halmashauri yake, Halmashauri ya Chalinze, lakini haina wilaya yake. Iko Wilaya ya Bagamoyo, pamoja na Halmashauri ya Bagamoyo. Wilaya moja, Mkuu wa Wilaya mmoja, wakurugenzi wawili, mabaraza mawili ya madiwani. Wengi huchanganya hapa. Wilaya ni mkono wa serikali kuu: mkuu wake anateuliwa na Rais na anasimamia ulinzi na usalama. Halmashauri ni serikali ya mitaa: ina madiwani waliochaguliwa, inakusanya ushuru, inajenga zahanati. Mtu wa Chalinze mwenye shida ya dawati la shule anamfuata mkurugenzi. Mwenye mgogoro uliofika kwa Mkuu wa Wilaya anapanda gari kwenda mjini Bagamoyo, baharini.

Morogoro tumefika mchana.

Jumanne: Morogoro

Leo hatukusafiri. Mzee ana rafiki yake wa zamani pembezoni mwa manispaa, mtu aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kijiji ambacho sasa hakipo. Watu wapo, mashina ya miembe yapo, msikiti upo. Kijiji ndicho hakipo: mji ulipanuka, ramani ikachorwa upya, kikageuka kuwa mitaa.

Tuliketi barazani. "Shikamoo mzee," nikaanza. "Marahaba, mwanangu. Baba yako mdogo alinipimia shamba hili likiwa la kijiji. Leo linaitwa kitalu, kitalu B."

Nimelisikiliza jambo hili kwa makini, kwa sababu sisi wa mijini tunasikia neno "kupandishwa hadhi" na tunapiga makofi. Yeye alilieleza kwa vidole. Kidole cha kwanza: kijiji ni chombo kamili kisheria. Kinasajiliwa, kinapewa cheti, kinaweza kushtaki na kushtakiwa. Kina halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25, na juu yao kuna mkutano mkuu wa kijiji ambao ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mtaa hauna uzito huo. Mtaa una mwenyekiti wa kuchaguliwa na kamati ndogo, lakini ni tawi la manispaa. Maamuzi mazito yako kwa madiwani na wataalamu wa makao makuu.

Kidole cha pili ni ardhi, na hapo sauti yake ilipanda. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kumgawia mtu eneo bila mkutano mkuu kuridhia. "Alikuja bwana mmoja na gari la vioo vyeusi akitaka ekari za kufuga kuku," alisema. "Akajadiliwa pale chini ya mwembe, akaulizwa hadi jina la baba yake. Akakosa." Siku hizi, bwana kama huyo hahitaji mwembe. Ardhi ikishatangazwa kuwa eneo la mji, inatoka kwenye mikono ya kijiji. Inapangwa, inapimwa, inatolewa hati, na inalipiwa kodi ya pango kila mwaka.

Sikutaka kumwacha ashinde peke yake. Nikamuuliza kama anatamani kurudi nyuma. Akasita. Barabara ya lami imefika, maji ya bomba yamefika, na hati ya mjini benki inaipokea kwa moyo mweupe kuliko hati miliki ya kimila. Watoto wake wameuza vipande wakajenga. "Sitamani kurudi," akasema, "ila tungeulizwa."

Kwa utaratibu, waliulizwa. Maombi ya kugawa au kupandisha eneo huanzia kwenye mikutano ya chini, hupanda kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, kisha ya mkoa, ndipo yafike TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Baba mdogo alimkumbusha ngazi hizo zote. Rafiki yake akajibu kwamba kwenye ule mkutano wa kwanza swali lilikuwa, "Nani hataki maendeleo?"

Jioni tumepita mbele ya majengo ya zamani ya halmashauri ya wilaya. Hii nayo ni habari ya pekee. Kwa miaka mingi, halmashauri za wilaya zilizokuwa na jina moja na manispaa zilikaa mjini, ndani ya eneo lisilo lao, zikiwahudumia watu walio mbali nje ya mji. Mwaka 2019 serikali ikaziamuru zihame ziende kwenye maeneo yao. Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro ikaenda Mvuha. Mtumishi mmoja tuliyekula naye ugali kwa mama lishe bado analalamika kuhusu nyumba za kupanga, lakini alikiri kwamba wananchi wa kule hawalipi tena nauli kumfuata yeye.

Jumatano: Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Iringa

Karibu kilomita 50 za barabara zinakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Twiga walikuwa karibu na lami, na bango la faini za kugonga wanyama lilinifanya nikanyage breki mapema. Baba mdogo akasema hapa ndipo mtu anapoelewa kwamba si kila ardhi ya nchi hii ina kijiji. Sheria ya Ardhi inaitaja ya aina tatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hifadhini hakuna mwenyekiti, hakuna kitongoji, hakuna kura ya serikali ya mtaa. Simba hana mtendaji.

Mji wa Mikumi wenyewe, ng'ambo ya hifadhi, ni mamlaka ya mji mdogo. Ngazi hii inawasumbua hata madiwani. Mji mdogo si halmashauri ya mji. Unazaliwa ndani ya halmashauri ya wilaya na unabaki mwanawe. Bajeti na mkoba mkubwa viko kwa mkurugenzi wa wilaya, kwa Mikumi ni Kilosa. Na ndani yake vijiji hufa, vitongoji vikabaki. Wenyeviti wa vitongoji ndio wanaounda baraza la mji mdogo. Kwa hiyo unaweza kumkuta mtu anaishi kwenye ghorofa, jirani yake ni benki, na anwani yake ni kitongoji.

Tulivuka daraja la Ruaha, tukaingia Mkoa wa Iringa. Ruaha Mbuyuni ni vitunguu mwanzo mwisho. Hapa ndipo mipaka inapogeuka fedha. Mazao yakitoka halmashauri moja kwenda nyingine hutozwa ushuru, na kizuizi cha halmashauri kiko barabarani mchana na usiku. Tangu mwaka 2017 mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja hatozwi. Mwanamke aliyetuuzia magunia mawili ya vitunguu alituhesabia haraka haraka: akipakia Fuso moja analipa, mzigo ule ule ukigawanywa kwa wakulima wengi, kila mmoja na kigunia chake, lugha inabadilika. Alicheka alipotuambia, na mlinzi wa geti aliyekuwa karibu naye alicheka pia.

Kitonga tumepanda kwa gia ya pili nyuma ya lori tupu la kubebea shaba linalorudi Zambia. Ilula, nyanya, mji mdogo mwingine. Iringa tumeingia giza likianza, baridi imetukamata.

Alhamisi: Isimani na nyuma

"Kamwene," tulisalimiwa kila mlango, na mzee akaitikia kama mwenyeji. Alitaka kwenda Isimani, kaskazini mwa mji kwa barabara ya Dodoma, ambako alifanya kazi akiwa kijana.

Isimani ina historia inayotajwa kila panapozungumzwa vijiji. Siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa kwa risasi na mkulima, Said Mwamwindi, shambani kwake. Ulikuwa wakati wa kuwaunganisha watu katika vijiji vya ujamaa, na Isimani ilikuwa nchi ya wakulima wakubwa wa mahindi wenye matrekta yao. Mwamwindi alijipeleka mwenyewe, akahukumiwa kunyongwa. Miaka miwili baadaye Operesheni Vijiji ikashika kasi nchi nzima, na kufikia 1976 mamilioni walikuwa wamehamishwa. Sheria ya mwaka 1975 ndiyo iliyokipa kijiji usajili na halmashauri yake. Kile kijiji tunachokiona leo kuwa cha asili, chenye nyumba zilizojipanga mistari pembeni mwa barabara, mara nyingi umri wake haufiki wa baba mdogo.

Kabla ya hapo watu walikaa wametawanyika, kila ukoo na kilima chake, chini ya watemi. Utawala wa watemi nao ulifutwa mwaka 1963. Hapa Uheheni jambo hilo lilichukua sura ya peke yake: Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, akawa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Kwa bahati tulikuta mkutano mkuu wa kijiji ukiendelea kwenye kijiji kimoja cha njiani. Tuliomba ruhusa ya kukaa nyuma. Ofisi ni vyumba viwili vya tofali za kuchoma, cheti cha usajili kiko ukutani ndani ya fremu iliyopasuka kioo. Mwenyekiti, aliyechaguliwa Novemba 2024, alikaa katikati. Mtendaji wa kijiji, binti mdogo mwenye sweta la kijani, alisoma mapato na matumizi ya miezi mitatu. Mwenyekiti ni wa kura, mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Mmoja ni wa kijiji, mwingine anaweza kuhamishwa Jumatatu. Nilivutiwa na jinsi walivyokaa, hawakutazamana hata mara moja.

Hoja iliyochukua saa nzima ilikuwa ng'ombe. Wafugaji wameomba njia ya kupitisha mifugo kwenda mtoni, na njia hiyo inakata mashamba ya kitongoji kimoja. Mzee mmoja akasimama: "Mwenyekiti, mpaka wetu na kijiji cha jirani uko kwenye mti upi? Maana mti wenyewe umekatwa mkaa." Baba mdogo alijikaza asinyanyue mkono. Mimi niliona magoti yake yakitingishika. Mwishowe mwanamke mmoja, ambaye hakuwa amesema neno, akapendekeza waende wajumbe wanne, wawili wa kila upande, pamoja na afisa ardhi wa wilaya, waione njia kwa miguu kabla ya kupiga kura. Ikapita kwa kunyoosha mikono.

Kwenye gari mzee akaniambia ule mti alikuwa anaujua.

Ijumaa: Ihemi, Mafinga, Makambako

Ihemi, kusini mwa Iringa, ndipo Halmashauri ya Wilaya ya Iringa ilipohamia kwa agizo lile lile lililoipeleka Morogoro huko Mvuha. Majengo yanang'aa katikati ya mashamba.

Mafinga ni mbao. Malori ya mbao, harufu ya mbao, mazungumzo ya mbao. Ni halmashauri ya mji ndani ya Wilaya ya Mufindi. Tulinunua mahindi ya kuchoma, tukaendelea.

Makambako ilitupa kazi zaidi. Tumeshaingia Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, mwaka uliozaa pia Geita, Simiyu na Katavi. Wilaya ya Njombe ina halmashauri tatu: Njombe Mji, Makambako Mji na Njombe Wilaya. Mkuu wa Wilaya mmoja anasalimiana na wakurugenzi watatu. Makambako ina njia panda ya Songea, ina stesheni ya TAZARA, ina soko ambalo usiku halilali. Fundi magari aliyetuangalizia breki alisema kwa uchungu wa mtu wa mji wake, "Sisi tuna kila kitu, wilaya tu hatuna. Ukitaka ngazi ya wilaya, panda gari uende Njombe mjini ukapigwe na baridi."

Baba mdogo, ambaye ameona wilaya nyingi zikizaliwa, alimwuliza: ikija wilaya, nani atajenga ofisi, nyumba ya mkuu wa wilaya, polisi, mahakama? Fundi akajibu, "Serikali." Mzee akatikisa kichwa tu. Kwa upande wangu, naona wote wawili wana hoja, na hoja ya fundi ina nguvu zaidi kwa mtu asiye na nauli. Lakini kuna mikoa na wilaya mpya nchini ambazo zilikaa miaka zikifanya kazi kwenye majengo ya kuazima, na hilo halisemwi kwenye hafla za kuzitangaza.

Jumamosi: Igawa, Rujewa, Mbeya

Igawa tunaingia Mkoa wa Mbeya, Wilaya ya Mbarali. Rujewa, makao makuu ya wilaya, tumekula wali wa Usangu, na sahani ya pili sikuikataa.

Hapa mzee hakucheka sana. Mwaka 2008 lilitoka Tangazo la Serikali Na. 28, lililoiingiza sehemu kubwa ya bonde la Usangu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sababu maji ya Ruaha Mkuu yalikuwa yanakauka kiangazi, na mto huo ndio unaojaza bwawa la Mtera na kusukuma mitambo ya umeme ya Kidatu. Sababu hiyo ni ya kweli. Lakini ndani ya mstari mpya kulikuwa na watu, mashamba ya mpunga, shule, na vijiji vilivyokuwa vikipiga kura kama vingine. Kwa miaka mingi, mgogoro huo ulikwenda bungeni na kurudi, hadi lilipotoka Tangazo Na. 754 la mwaka 2023 lililochora mipaka upya.

"Watu wanadhani mpaka ni jiwe," baba mdogo alisema tukiwa mezani. "Jiwe ni ushahidi tu. Mpaka unazaliwa kwenye Gazeti la Serikali, na mwenye kijiji hanunui Gazeti la Serikali." Kijana aliyekuwa akitusikiliza meza ya pili, mchuuzi wa mchele, akasema kwao babu zake wamezikwa upande ambao sasa ni wa tembo. Hakuomba tuseme chochote, akalipa, akaondoka na pikipiki yake.

Igurusi, Uyole, na jua la machweo likitupiga usoni tukaingia Mbeya, jiji tangu 2005. Uyole imenipa mfano wa ramani nyingine ambayo watu huichanganya na hizi. Mwaka 2025 jimbo la Mbeya Mjini liligawanywa, Uyole ikapata jimbo lake la ubunge. Halmashauri ya Jiji imebaki moja. Majimbo huchorwa na tume ya uchaguzi kwa ajili ya wabunge, na hayaongezi mkurugenzi wala hayagusi mtaa wako. Dereva bajaji wa Mwanjelwa alikuwa na hakika kwamba Uyole sasa ni wilaya. Tulishuka bila kumaliza ubishi.

Jumapili: Mbalizi, Vwawa, Tunduma

Ukitoka Mbeya mjini unaingia Mbalizi bila kuona pengo la nyumba, ila umeshatoka kwenye jiji. Mbalizi ni mji mdogo wa Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Mbele kidogo uko Uwanja wa Ndege wa Songwe, ambao haumo Mkoa wa Songwe. Uko Mbeya. Uwanja ulifunguliwa 2012. Mkoa ukazaliwa 2016. Halafu kuna Wilaya ya Songwe ambayo makao yake ni Mkwajuni, mbali kabisa na barabara hii, na makao ya mkoa yako Vwawa, Wilaya ya Mbozi. Anayemtumia mgeni ujumbe "nipokee Songwe" ajiandae kungoja.

Tunduma tumefika adhuhuri, kwa mwendo wa konokono wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa 2019, na foleni bado ni ndefu. Kwa sensa ya 2022, Tunduma ilikuwa na watu zaidi ya 219,000. Manispaa ya Iringa tuliyolala juzi ilikuwa na takriban 202,000. Hata hivyo Iringa ni manispaa na Tunduma ni halmashauri ya mji. Shemeji yangu, ambaye anauza vipuri, alisema wafanyabiashara hapa hilo swali wanaliuliza kila anapokuja waziri. Idadi ya watu ni kigezo kimoja. Huangaliwa pia mapato, huduma, mpangilio wa mji, na mji ulivyojisimamia. Mpangilio wa Tunduma, nikiwa mkweli, utampa mpima ardhi yeyote usingizi mbaya. Baba mdogo alizunguka mitaa miwili kwa miguu, akarudi akaomba maji.

Wilaya ni Momba. Halmashauri mbili: Tunduma Mji hapa juu mpakani, na Momba yenyewe ambayo makao yake ni Chitete, chini bondeni. Shemeji amezaliwa nyumba hii hii tuliyokaa. Baada ya chakula alileta bahasha ya vyeti, mzee akavitandika mezani kama kazi yake ya zamani. Cheti cha kuzaliwa cha shemeji kinasema Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Cha mtoto, kitakapotoka, kitasema Momba, Songwe. Nyumba haijasogea hata hatua moja.

Mtoto chini ya miaka mitano husajiliwa bure kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya, kwa hiyo dada ameshaandaa kadi ya kliniki na nakala za vitambulisho vyao. Kesho ofisi inafunguliwa. Mzee amesema ataandamana nao, anataka kumuuliza mtendaji mtaa huu unaishia kwenye nyumba ipi.